Sura ya Nyumba Zetu na Haki ya Jirani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kupigwa chapa katika taarifa hii kwa agizo la Halmashauri)



Halmashauri imeniagiza kuzungumza juu ya jambo ambalo mwaka huu limechukua saa nyingi za mikutano yetu kuliko jambo lingine lo lote, nalo ni kanuni za sura ya nyumba katika mtaa wetu. Rasimu ya kanuni hizo imo mikononi mwenu. Yataja rangi za kuta na vigae vya paa, urefu wa ua, mahali pa kuanika nguo, vibanda vya biashara vilivyo mbele ya nyumba, magari mabovu yaliyolazwa njiani, na zaidi ya hayo yote, vyumba na ghorofa zinazoongezwa juu ya nyumba zilizojengwa kwa ajili ya jamaa mmoja. Kifungu cha mwisho chasema kwamba mwanachama atakayevunja kanuni na kukataa kujirekebisha atanyimwa msaada wa Chama, hata msaada wa msiba, mpaka atakapotii.

Ili pasiwe na mtu wa kunidhania, nitasema tangu mwanzo mahali ninaposimama. Kanuni naziunga mkono. Kifungu hicho cha mwisho nakipinga, nami nitawaomba mkifute kabla ya kupiga kura. Sababu zangu nitazieleza moja moja, nanyi mtazipima.

Wazee wetu wametuuliza maswali mawili, na yote mawili ni ya haki. Swali la kwanza: hizi kanuni za rangi na ua zina tofauti gani na amri za mabwana afya na wakaguzi wa zamani, waliokuwa wakiingia nyumbani kwa Mwafrika bila hodi? Swali la pili: nyumba ni yangu, nimeilipia mkopo miaka ishirini, Chama kimepata wapi mamlaka ya kuniambia niipake rangi gani? Nitayajibu kwa mpangilio huo.

KANUNI ZA JANA

Wazee hawakosei wanapokumbuka. Katika mji wa Nairobi, tangu mwanzo, kanuni za makao zilitungwa na watu wasioishi katika makao hayo. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wakusanywe mahali pamoja, viwanja vikapangwa kwa mistari, na kila mwenye kiwanja akajijengea nyumba kwa masharti aliyowekewa. Kijiji cha Pangani, ambacho kilikuwa na watu wake, misikiti yake na nyumba za kupangisha, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na mtaa wa Shauri Moyo ukajengwa na Baraza kuwapokea waliohamishwa. Ilisemwa kwamba ni kwa ajili ya usafi na mpango wa mji. Usafi ulitajwa, lakini mwenye nyumba hakuulizwa.

Tena kulikuwa na karatasi nyingine, ambazo wengi wetu hatukuziona. Serikali ya Uingereza ilitangaza katika waraka wake wa mwaka 1923 kwamba watu hawatatengwa tena kwa rangi katika miji ya Kenya. Hata hivyo wauzaji wa viwanja waliendelea kuandika katika hati zao kwamba nyumba isikaliwe na mtu wa rangi fulani, ila awe mtumishi wa nyumbani. Sharti la namna hiyo lilikaa jirani na masharti ya ukubwa wa kiwanja na ubora wa jengo, kana kwamba mtu naye alikuwa sehemu ya sura ya nyumba.

Jambo hili halikuwa la Kenya peke yake. Karibu na New York, nchini Marekani, ulianza kujengwa mwaka 1947 mtaa mkubwa uitwao Levittown, wenye maelfu ya nyumba zinazofanana. Kanuni zake ziliagiza majani ya bustani yakatwe kila juma, zikakataza ua wa kutenga kiwanja na kiwanja, na zikapanga hata namna na siku za kuanika nguo. Na mtaa huo huo uliwafungia mlango watu weusi. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Shelley na Kraemer, iliamua kwamba mahakama za nchi haziwezi kutumiwa kutekeleza sharti la hati linalomkataza mtu kukaa kwa sababu ya rangi yake. Hata baada ya uamuzi huo, milango ya Levittown haikufunguliwa upesi.

Nimeyataja haya ili tujue ugonjwa ulipo. Kanuni ya majani kukatwa haikuwa na ubaya wenyewe. Ubaya uliingia mahali pawili: kanuni ilipotungwa bila kumshauri anayeishi chini yake, na kanuni ya nyumba ilipogeuka kuwa kanuni ya kumchagua mtu. Basi kila kifungu kilicho katika rasimu yetu tukipitishe katika chekecheke hizo mbili. Je, wanaotawaliwa nacho wameketi hapa na kukijadili? Na je, chalinda nyumba na njia, au chamwondoa mtu ambaye hatumpendi kuwa jirani?

PASIPO NA KANUNI

Lakini, wazee wangu, kumbukumbu ya kanuni mbaya isitufanye tuamini kwamba pasipo na kanuni pana uhuru. Tutazame mitaa tunayoijua.

Buru Buru ulijengwa kwa awamu kuanzia mwaka 1973 hadi mapema miaka ya 1980, kwa ushirikiano wa Baraza la Jiji la Nairobi na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola. Nyumba zilipangwa kuzunguka nyua, kila uwanja una mlango wake wa kuingilia, paa za vigae vyekundu, na vibustani mbele na nyuma. Watumishi wa serikali, walimu na makarani walinunua nyumba hizo kwa mikopo, wakalea watoto wao huko. Leo anayepita barabara ya Mumias South au ya Rabai ataona kwamba bustani nyingi zimekuwa maduka, na nyuma ya nyumba nyingi yamesimama majengo ya vyumba vya kupangisha. Umoja, ambao ulianza miaka ya 1970 kwa msaada wa Marekani, ulikuwa mtaa wa nyumba ndogo za chini ambazo mwenyewe angeweza kuziongezea chumba kimoja kimoja kadiri ya uwezo wake. Leo viwanja vingi vya huko vimebeba maghorofa.

Tusiwalaumu waliojenga kwa wepesi. Mji ulijaa watu, nyumba zikawa haba, na kodi ya vyumba vitatu vya nyuma ndiyo iliyolipa karo ya shule baada ya mzee kustaafu. Mtu hakujenga kwa kupenda kuharibu mtaa. Alijenga kwa kuwa alikuwa na watoto. Ni kweli pia kwamba alipojenga wa kwanza, wa pili hakuona sababu ya kungoja, na wa kumi aliona kuwa yeye asiyejenga ndiye mjinga.

Hasara yake haikuwa ya macho tu. Bomba la maji machafu lililolazwa kwa ajili ya jamaa mmoja katika kila kiwanja haliwezi kupokea ya jamaa sita. Hurudisha uchafu, na aghalabu hufurika katika nyumba iliyo chini kwa mteremko, ambayo mwenyewe hakuongeza hata chumba kimoja. Bustani ikitiwa saruji, maji ya mvua hayana pa kunywewa, hukimbilia njiani. Ukuta ukipanda ghorofa tatu, jirani hupoteza jua la asubuhi, na nguo za watoto wake hazikauki. Nyumba zetu zimeungana ukuta kwa ukuta. Msingi uliochimbwa kwa nyumba ya chini ukitwikwa ghorofa mbili, ufa hautauliza mpaka wa kiwanja. Na kibanda kikisimama kwenye mlango wa uwanja, gari la zimamoto halitapita.

Mwezi wa Aprili mwaka 2016 jengo la ghorofa lilianguka Huruma, Nairobi, wakati wa mvua kubwa, na zaidi ya watu 40 walikufa. Ilielezwa wakati ule kwamba jengo hilo lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Alama ilikuwapo ukutani, na watu walikuwa wakilala ndani. Sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa uchungu zaidi kwamba kanuni iliyoandikwa na isiyofuatwa ni hatari kuliko ukimya, kwa sababu humfanya kila mtu adhani kwamba kuna mwingine anayelitazama jambo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na pengine hutapata nafasi ya kuujenga.

CHAMA KINA MAMLAKA GANI

Nalijibu sasa swali la pili. Je, nyumba si yangu? Ni yako. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, yalinda haki ya kila mtu kuwa na mali. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 66, yaipa Serikali uwezo wa kusimamia matumizi ya ardhi kwa ajili ya usalama wa watu, afya, na mpango mwema wa matumizi ya ardhi. Ndipo Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 ikaagiza kwamba mtu asiendeleze ujenzi bila kibali cha Kaunti. Akijenga bila kibali, Kaunti yaweza kumpelekea ilani ya kumtaka asimamishe au arudishe hali ya kwanza, naye akiona ameonewa anazo siku 14 za kukata rufani mbele ya kamati ya upatanishi ya kaunti. Angalieni vema: mwenye ilani hiyo ni Kaunti. Chama chetu hakina ilani ya kubomoa, na mjumbe wa Halmashauri akienda na nyundo nyumbani kwa mtu, yeye ndiye atakayekuwa mvunja sheria.

Kuna nguvu ya pili, nayo ni hati. Mwaka 1808 mtu mmoja mjini London aliuza bustani iliyo katikati ya uwanja wa Leicester, na mnunuzi akaahidi kwamba itabaki wazi bila majengo. Bustani ikauzwa mara kadhaa, mpaka ikafika kwa mtu aliyetaka kujenga, ingawa aliijua ahadi ile. Mwaka 1848 mahakama ilimzuia, ikisema kwamba anayenunua ardhi akijua ahadi iliyofungwa nayo hawezi kuitupa ahadi hiyo. Sheria ya Kenya ilirithi wazo hilo. Basi kama hati zenu zina masharti kwamba nyumba ni ya kukaliwa na jamaa, au kwamba isipandishwe juu, masharti hayo yaweza kupelekwa mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini mahakama haimpendi aliyelala. Watu wakiachwa miaka mingi kuvunja sharti bila neno, hakimu atauliza kama sharti lenyewe lingali hai, na mara nyingi usingizi wetu ndio utakaokuwa shahidi wa mshtakiwa.

Kwa wale wanaokaa katika majengo ya ghorofa yenye hatimiliki za sehemu sehemu, Sheria ya mwaka 2020 juu ya umiliki wa namna hiyo imeunda shirika la wenye nyumba, lenye kanuni zinazowafunga wenyewe na wapangaji pia. Huko nguvu ya kanuni ni kubwa kuliko yetu. Sisi wa nyumba za nyua hatuna shirika hilo. Tuna chama cha hiari, na Katiba katika kifungu cha 36 yasema mtu asilazimishwe kujiunga na chama cho chote. Kwa hiyo kanuni zetu zamfunga mwanachama kwa ahadi yake. Asiye mwanachama twaweza kumwendea kwa neno la ujirani tu, au kwa njia ya hati yake, au kwa njia ya Kaunti.

Wengine watasema: basi mamlaka hayo ni madogo. Naam, ni madogo, na ni vizuri tuyajue udogo wake. Katika mji wa Letchworth, Uingereza, ulioanzishwa mwaka 1903 ili watu wa viwanda wapate bustani na hewa, ardhi yote ilikuwa ya kampuni moja, na nyumba zilishikwa kwa mkataba wa kupanga wa miaka mingi. Anayetaka kubadili dirisha aliomba ruhusa kwa mwenye ardhi. Sheria ya mwaka 1967 ilipowaruhusu wapangaji wa namna hiyo kununua ardhi yao, ilionekana mara moja kwamba mlinzi wa sura ya mji angeondoka. Kwa hiyo sheria hiyo hiyo iliruhusu uwekwe mpango maalum, ulioidhinishwa na mahakama, ili sura ya mtaa iendelee kulindwa baada ya wenyewe kuwa wengi. Na sisi ndipo tulipo. Wakati mikopo ilipokuwa haijalipwa, mwenye kushika hati alitutazama. Leo tumekuwa wenye nyumba wengi, na hakuna atakayetutazama ila sisi kwa sisi.

KUCHAMBUA VIFUNGU

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Anayekwenda Lamu, mji ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ataona maana ya neno hilo. Kuta za nje za nyumba za kale ni wazi, hazina majivuno, na zidaka na mapambo yamo ndani. Lakini vichochoro ni vyembamba na nyumba zinasaidiana ukuta kwa ukuta. Hata chumba cha wikio chaweza kuvuka juu ya njia ya watu. Katika mji wa namna hiyo dirisha la mtu mmoja likifunguliwa ovyo laivua stara nyumba ya jirani. Wakazi wa mji kama huo walijua kuuliza swali lililo sahihi: jengo langu lamgusaje mwenzangu?

Nikitumia swali hilo, nayagawa mambo ya rasimu mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni mambo yanayomdhuru jirani: ghorofa bila kibali, ukuta unaoziba njia, bomba lililounganishwa bila ruhusa, mtaro uliozibwa, kibanda kilichosimama juu ya ardhi ya barabara ambayo ni ya umma. Hapa tusiwe na huruma ya kupoteza muda. Kazi ikianza leo, neno lipelekwe leo, kabla saruji haijakauka.

Fungu la pili ni uso wa pamoja: kuta zinazotazama uwanja, paa, malango, magari mabovu. Haya hayamwui mtu, lakini mtaa unaoonekana umetupwa hutupwa kweli. Taka huvuta taka, na mpangaji mwema huhama. Hapa kanuni ziwepo, ila ziwe pana. Badala ya kutaja rangi moja, tutaje rangi nne au tano za kuchagua. Muda wa kupaka uwe miezi, usiwe majuma.

Fungu la tatu ni mapenzi ya mtu: maua anayoyapanda, pazia, taa ya barazani, kamba ya nguo iliyo nyuma ya nyumba. Vifungu hivi naomba viondolewe kabisa. Nguo zinazoanikwa uani ni dalili ya watu safi, na jua la Mungu halina kodi. Kanuni inayomfuata mwanamke mpaka kwenye kamba yake ya nguo itadharauliwa, na dharau hiyo itahamia kwenye kanuni ya ghorofa, ambayo twaihitaji sana.

Juu ya vibanda, ambavyo vimeleta maneno makali, nasema hivi. Wengi wa wenye vibanda ni akina mama wanaouza mboga na mkaa, na baadhi yao ni wajane wa wanachama wetu. Kuwaambia waondoke bila kuwaonyesha pa kwenda ni kuhamisha njaa kutoka njiani kuiingiza nyumbani. Penye lango kuu twaweza kuomba kibali cha Kaunti, tukajenga banda moja lenye vyumba vinavyofanana, na vyumba hivyo vipewe kwanza wale wale waliopo sasa, kwa kodi ndogo. Hilo likiisha kufanyika, atakayebaki njiani hatakuwa na udhuru.

NJIA YA KUTEKELEZA

Napendekeza hatua tano, wala tusiruke hata moja, isipokuwa palipo na hatari ya kuanguka kwa jengo.

Hatua ya kwanza ni neno la jirani. Kila uwanja uchague mzee mmoja na mama mmoja, nao wamwendee mwenye nyumba bila karatasi, wakae, wanywe chai, waseme. Mambo mengi yataishia hapo.

Hatua ya pili ni barua. Itaje kifungu kilichovunjwa, itaje kosa lenyewe kwa maneno yanayoeleweka, itaje linalotakiwa kufanywa, na siku ya mwisho. Iende kwa mwenye nyumba, hata kama anakaa mbali. Mpangaji asiadhibiwe kwa ukuta usio wake.

Hatua ya tatu ni kusikilizwa. Aliyeandikiwa aitwe mbele ya watu watatu, na kati yao asiwepo anayepakana naye ukuta wala mwenye ugomvi naye. Aruhusiwe kuja na mtu wa kumsemea. Uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake.

Hatua ya nne ni rufani mbele ya Wazee, ambao uamuzi wao utasomwa katika mkutano.

Hatua ya tano, kwa mambo ya fungu la kwanza tu, ni kwenda kwa Kaunti au mahakamani, tukiwa na daftari na barua zetu mkononi.

Pamoja na hayo ziwekwe nguzo tatu. Kwanza, kabla kanuni hazijaanza, kila nyumba ipigwe picha na kuandikwa katika daftari. Yaliyojengwa kabla ya siku hiyo yasiadhibiwe, ila yaliyo ya hatari au yaliyo juu ya ardhi ya umma. Kanuni isirudi nyuma kumshika mtu kwa jambo ambalo halikukatazwa alipolifanya. Pili, ukaguzi uanze kwa nyumba ya Mwenyekiti, ifuate ya Mweka Hazina, kisha za Wajumbe wote. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Ukimchoma Mjumbe kwanza, wote watajua ukali wake ni wa kiasi gani. Tatu, Chama kinunue rangi na vigae kwa jumla, na kiwape kazi vijana wetu mafundi, ili mjane au mstaafu alipe kidogo kidogo, na asiye na kitu kabisa asaidiwe.

JUU YA MSAADA WA MSIBA

Sasa nafikia kifungu cha mwisho, nacho ndicho kilichonifanya nikubali kusema leo.

Chama hiki hakikuanza kwa ajili ya rangi za kuta. Vyama vya namna hii vilizaliwa mjini kwa sababu mtu alikuwa akifa mbali na kwao, na hakuna wa kumsafirisha. Watu wa mshahara mdogo walichanga shilingi, wakanunua sanda na jeneza, wakakodi gari, wakamfikisha marehemu kwa mama yake. Ahadi hiyo ndiyo mzizi. Mengine yote tuliyoyafanya, karo, kumtembelea mgonjwa, ulinzi wa usiku, yalichipua kutoka katika mzizi huo.

Kifungu chasema kwamba asiyepaka ukuta anyimwe msaada wa msiba. Hebu tukifuate mpaka mwisho wake. Mwanachama amechanga miaka 15. Amefutwa kazi, ukuta wake umechakaa, barua mbili amezipokea na hakuzijibu kwa aibu. Kisha mtoto wake afariki. Je, Katibu atafungua daftari na kusema kwamba nyumba hiyo yadaiwa rangi? Nani kati yetu atakayepeleka ujumbe huo matangani? Na akiupeleka, nani atakayeamini tena kwamba mchango wake wa kila mwezi una maana?

Waliokiandika kifungu hiki ni watu wema, nami nawaheshimu. Walisema kwamba Chama hakina nguvu nyingine ya kumtisha mkaidi. Ni kweli kwamba nguvu zetu ni chache. Lakini tufikiri: jirani hutusikiliza kwa sababu gani? Hutusikiliza kwa kuwa siku ya msiba wake tulikuwa pale. Tukiifanya siku hiyo kuwa fimbo, tutakuwa tumeukata mzizi ili tupate kuni. Mkaidi mwenye fedha, aliyepandisha ghorofa nne bila kibali, hatakitetemekea kifungu hiki. Yeye hauhitaji msaada wetu. Atakayeumia ni yule ambaye kosa lake ni umaskini. Kifungu kitamwacha mwenye kosa kubwa na kumshika mwenye kosa dogo.

Kwa mkaidi mwenye nguvu iko Kaunti na iko mahakama. Kwa mwanachama mzembe iko haki ya kumwondoa katika uongozi, kumzuia kugombea Halmashauri, na kulisoma jina la nyumba yake katika mkutano baada ya kusikilizwa. Kwa mwanachama asiye na uwezo liko kopo la rangi na kijana mwenye brashi. Kila mmoja ana dawa yake.

Basi, Mheshimiwa Mwenyekiti, natoa maombi matatu yapigiwe kura. La kwanza, kanuni za fungu la kwanza na la pili zikubaliwe, na za fungu la tatu zifutwe. La pili, hatua tano na nguzo tatu nilizozitaja ziandikwe ndani ya kanuni zenyewe, zisibaki maneno ya mdomo. La tatu, kifungu cha mwisho kiondolewe, na mahali pake paandikwe kwamba msaada wa msiba na wa ugonjwa hautazuiliwa kwa sababu yo yote inayohusu sura ya nyumba.

Nawashukuru Wazee kwa subira yao, na akina mama waliopitia rasimu hii kifungu kwa kifungu wakanionyesha mengi. Mkikubali, kazi ya picha na daftari yaweza kuanza kabla ya mvua za masika, wakati mitaro ingali mikavu na inaonekana vizuri ni nani aliyeiziba.